Masikio ya Namba Nane

4 Januari

Feni imefungwa leo. Saa tatu asubuhi Fundi alitoboa ukuta wa kaskazini wa chumba cha panya, akaibandika, akakaza nati sita, kisha akaniita.

"Haya, Mama Panya, njoo uwashe mwenyewe. Barua tatu umeandika, mkono wa kuwasha uwe wako."

Nikawasha. Ilianza kwa kusuasua, halafu ikatulia kwenye mvumo mmoja mzito, wa chini, ambao baada ya dakika tano nilikuwa nimeshausahau. Kabla ya saa sita kipimajoto kilishuka kutoka nyuzi 35 hadi 31. Nilitaka kumkumbatia Fundi, ila ana mke mkali na mimi umri umekwenda.

Naandika hali ilivyo mwanzo wa msimu ili baadaye nisije nikajidanganya. Panya wa jangwani kumi na wanne: majike tisa, madume watano. Wote ni vizazi vya wale kumi na mmoja niliowatega na marehemu Mwalimu, miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye uwanda ambao sasa ni machimbo ya kokoto. Tumerudi kutega mara nne. Mitego imerudi mitupu mara nne. Kama wapo wengine duniani, mimi sijui walipo.

Barua ya makao makuu nimeiweka chini ya kioo cha meza. Mkaguzi atakuja tarehe 15 Machi. Asipokuta watoto walio hai, panya wote watachomwa sindano ya kuwaua na chumba kitakuwa stoo ya mafaili. Mwaka jana joto lilituulia watoto wote. Ndiyo maana niliomba feni. Mwaka huu sina kisingizio.

5 Januari

Nyuzi 31. Wote wanakula.

9 Januari

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni masikio. Mwalimu alinifundisha hivyo: "Panya wa jangwani usimtazame machoni, hatakwambia kitu. Mtazame masikio." Ngozi ya sikio ni nyembamba kama ganda la kitunguu, ukiweka taa nyuma yake unaona mishipa yote. Joto likipanda mishipa inajaa, sikio linasimama jekundu, na damu inalitoa joto nje bila mnyama kupoteza hata tone la maji. Ubaridi ukiingia linalala nyuma. Kwenye mlango wa sikio kuna vinyweleo vilivyosukana, mchanga haupiti. Na nyuma yake, ndani ya fuvu, kuna mfupa uliovimba, mtupu ndani kama ganda la njegere. Ninalo fuvu moja kwenye kiberiti. Vyumba hivyo viwili vya masikio ni vikubwa kuliko chumba cha ubongo. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Kwa hawa limekipita.

Mwalimu alieleza sababu. Kwenye uwanda hakuna nyasi wala kichaka cha kujificha, kwa hiyo kinga ya mnyama ni kusikia mapema. Sauti nyembamba hufia njiani, sauti nzito hufika. Bawa la bundi likisukuma hewa, tumbo la nyoka likivutwa mchangani, hizo ndizo sauti mfupa ule unazozidaka. Mguu wa nyuma hugonga chini, du-du-du, kuwaambia wengine.

Leo masikio yote yamesimama ingawa joto ni 30 tu. Kwenye daftari la ofisi nimeandika: wachangamfu. Madume wanagonga miguu kutwa. Hugonga pia wanapotaka majike, basi nimefurahi.

12 Januari

Namba Tatu kazaa. Watoto watano, wekundu, kila mmoja kama kifundo cha kidole. Nimempelekea Mkuu wa kitengo habari ofisini. Akasimama kabisa kunipa mkono.

"Unaona, mama? Feni hiyo."

13 Januari

Hakuna hata mmoja. Mama yao amekaa pembeni ya kizimba anajilamba. Kwenye maranda kuna damu kidogo, basi.

14 Januari

Mkuu anasema mara moja si neno. Ni kweli. Mama anayezaa mara ya kwanza huweza kuchanganyikiwa. Ila Namba Tatu si mara yake ya kwanza. Hii ni ya nne.

19 Januari

Namba Nane kazaa wanne. Nimefunika kizimba kwa gunia, nimesogeza meza yangu mbali, nimejikataza kupita upande ule.

21 Januari

Wanne wote. Kawala.

22 Januari

Nyuzi 31. Wanagonga miguu.

27 Januari

Nimekaa na kalamu nikaorodhesha kila kinachoingia chumbani. Mtama: gunia jipya, nimelirudisha. Maranda: nimehamia kwa seremala mwingine asiyetumia mbao za dawa. Maji, nimeyachemsha. Sabuni yangu ya kuogea nayo nimeibadilisha, kwa sababu mama akinusa harufu ngeni kwa mtoto humkataa.

Jioni dada yangu (naishi kwake tangu nilipofiwa, yeye ni mshonaji, mkubwa wangu kwa miaka sita) aliniona naoga kwa sabuni ya kufulia.

"Mdogo wangu, siku hizi umemwacha nani na umempata nani?"

"Panya, dada."

"Mh! Basi huyo panya ni mwanamume wa maana. Mume wako, Mungu amrehemu, hukumwogea hivyo."

Nilicheka. Kucheka kwa mwisho kulikuwa lini, sikumbuki. Halafu nikamweleza kwamba wamama wanakula watoto, akasimamisha cherehani.

"Wana njaa?"

"Hawana njaa."

"Basi wameona kitu," akasema, akaendelea kushona.

30 Januari

Nyuzi 32. Nje 38. Wanagonga miguu. Masikio yamesimama, wote.

3 Februari

Wiki mbaya. Namba Tano alizaa juzi, Namba Kumi na Mbili jana. Watoto tisa kwa jumla. Nilifika leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikamkuta Namba Kumi na Mbili ameshamaliza na Namba Tano anaendelea. Simwandiki mnyama vibaya, ila nilichokiona nakiandika: alimshika mtoto kwa mikono miwili, kama mtu anavyoshika muhindi.

Nilifanya kosa, au sikufanya, sijui. Niliingiza mkono nikampokonya mmoja aliyebaki. Nikamweka kwenye pamba juu ya chupa ya maji ya vuguvugu, nikamnyonyesha maziwa kwa kidondoshea dawa ya macho. Tone moja kila nusu saa. Alikuwa kipofu, bila unyoya, masikio yamebandikana na kichwa kama bahasha iliyofungwa. Wanazaliwa hawasikii kitu. Hata ungepiga ngoma. Mlango wa sikio hufunguka wiki ya pili.

Saa tisa alasiri alikufa kiganjani mwangu. Sikujua ni dakika gani hasa, kwa sababu tangu mwanzo hakuwa akitikisika sana.

Mkuu alikuja, akasimama mlangoni. Haingii, harufu inamkera.

"Mama, nataka niulize bila kukuudhi. Unawalisha vizuri?"

Miaka kumi na miwili. Nikaendelea kufuta kizimba. Akaondoka mwenyewe.

8 Februari

Nimemwingiza dume kwa Namba Nane tena. Sijui kwa nini. Ni kutwanga maji kwenye kinu.

Leo nilimwita Namba Tatu mchawi, kwa sauti, chumbani, peke yangu. Nilimwambia: una maziwa, una joto la kiasi, una mtama, hakuna nyoka, hakuna bundi, hakuna anayekutafuta, unataka nini? Alisimama kwa miguu ya nyuma, masikio juu, akanitazama, halafu akagonga mguu. Nikatamani kumtupia kopo. Ndivyo nilivyofika.

9 Februari

Nyuzi 32. Wanagonga.

10 Februari

Wanagonga.

12 Februari

Umeme umekatika saa nne asubuhi, mtaa mzima. Feni imesimama. Joto: saa sita 34, saa nane 36, saa kumi 37. Nimelowesha magunia nikayatandika juu ya vizimba. Nimewaza: sasa na wakubwa nao watakwenda.

13 Februari

Lazima niandike kwa utaratibu.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Umeme bado. Chumba nyuzi 34 alfajiri. Nilifungua mlango nikijua nitaokota maiti. Nikakuta wote kumi na wanne wamelala. Wamelala kweli, chali na ubavu, masikio mekundu kwa joto lakini yamelegea pembeni. Nilikaa juu ya ndoo nikasikiliza. Hakuna aliyegonga mguu. Nusu saa, saa nzima, hakuna. Nikajiuliza mara ya mwisho kuona hivyo ilikuwa lini. Nikafungua daftari la ofisi. Desemba.

Saa tatu na dakika kumi umeme ulirudi. Mimi sikusikia chochote kwanza. Niliwaona wao. Waliamka wote mara moja, kama waliovutwa kwa uzi, na masikio ishirini na manane yakageuka upande mmoja, ukuta wa kaskazini. Ndipo na mimi nikasikia feni ikianza kuvuma. Namba Nane akagonga. Namba Tatu akagonga. Chumba kizima kikagonga.

Nilibaki nimekaa juu ya ndoo.

Mvumo mzito, wa chini. Hewa inayosukumwa na bawa. Kwangu ni kelele ya kusahaulika kwa dakika tano. Kwao ni bundi mkubwa kuliko bundi yeyote, ameshuka juu ya vichwa vyao tarehe 4 Januari na hajatua wala hajaondoka kwa siku arobaini, mchana na usiku. Wamelala saa ngapi? Na mama anayemsikia bundi mlangoni, hawezi kuhama, hana shimo la kukimbilia, watoto hawasikii na hawaoni, atafanya nini? Dada alisema wameona kitu. Hawakuona. Walisikia.

Niliandika barua tatu kuiomba feni ile. Mkono wa kuwasha ulikuwa wangu.

Watoto kumi na wanane wamekufa tangu siku ile.

14 Februari

Nimemwita Fundi aje aone. Tumezima feni, tukahesabu dakika kumi. Tumewasha, dakika kumi. Mara tano. Kila tukiwasha, masikio ukutani na miguu chini. Kila tukizima, baada ya dakika nne au tano wanatulia. Fundi alivua kofia.

"Kumbe wanaisikia hivyo? Mimi nimeitengeneza mwenyewe, nimeitia mafuta, siisikii hata kidogo."

"Wewe huna mfupa wao."

"Mke wangu anao," akasema, lakini hakucheka.

Tukaenda kwa Mkuu wote wawili. Nilimweleza taratibu, nikamwekea karatasi ya vipimo vyetu mezani. Akaisoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Mama. Mwaka jana walikufa kwa joto. Ulisema hivyo wewe, kwa maandishi, mara tatu. Nimepanda ngazi za watu kuiombea feni hii. Kwenye ripoti yangu ya mwaka mzima, kitu kimoja tu kimetimizwa: feni. Sasa unaniambia feni ndiyo inayowaua."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na ukiizima wakafa kwa joto, utaandika barua ya nne?"

Fundi akadakia, akitazama dirishani kama hasemi na mtu: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Na mkuu asiyesikia, yeye huvunjika nini?"

Nilidhani tumekwisha. Mkuu alivaa tena miwani.

"Fundi, toka nje," akasema. Na kwangu: "Izime. Lakini sitasaini popote."

15 Februari

Feni imezimwa. Saa nane mchana nyuzi 38.

16 Februari

Jangwani joto hufika 45 na hawafi, kwa sababu mchana wako chini. Sisi tuliwaweka kwenye bati lenye maranda ya kina cha vidole vitatu. Miaka kumi na miwili, na hilo sikuliwaza. Vizimba tulivikuta, tukavitumia.

Fundi kanipatia mapipa tisa ya chuma. Tumeyakata midomo, tumejaza udongo wa kichanga hadi juu, tumemwagia maji sehemu ya chini tu na kushindilia. Nimezika kipimajoto kwenye pipa la kwanza, kina cha mkono mzima. Juu 38. Chini 28.

Mikono imechubuka yote. Dada amenipaka mafuta ya mgando, kama anavyopakwa mtoto.

17 Februari

Nimewahamisha. Namba Nane pipa la saba. Aliunusa ule udongo wa kichanga, akasimama kama anayekumbuka jambo, halafu akaanza kuchimba. Kabla ya adhuhuri alikuwa haonekani tena. Hajawahi kuliona shimo maishani mwake, wala mama yake.

22 Februari

Nyuzi 41. Dume mzee, Namba Moja, hakuwahi kuchimba. Alikaa juu ya udongo tangu siku ya kwanza. Nilimkuta saa nane, masikio mekundu kama yaliyopakwa rangi, yamesimama, na yeye ameshakufa. Nilimwandikia daftari la ofisi: joto. Ni kweli.

Kumi na watatu.

23 Februari

41. Hakuna anayegonga.

27 Februari

Namba Nane ana mimba. Nimemwona alfajiri, tumbo limeshuka. Wengine wote hapana. Nimejaribu madume kwa majike wanne; ama wamechoka, ama ni joto. Ni yeye peke yake.

Kutoka tarehe 8 Februari, siku ishirini na tano zinaangukia 5 Machi. Watoto hutoka shimoni wenyewe wakiwa na siku kumi na nane hivi. Hiyo ni 23 Machi. Mkaguzi anakuja 15.

Nimehesabu mara nne. Zinapungua siku nane kila ninapohesabu.

3 Machi

40.

5 Machi

Amezaa. Sijaona, lakini amezaa. Jana alikuwa mnene, leo katoka alfajiri mwembamba, chuchu zimelowa, amechukua vipande vyote vya karatasi nilivyomwachia, akashuka navyo na kuziba mlango kwa udongo kutoka ndani.

Sitagusa. Sitafukua. Sitapumua.

7 Machi

Katoka, kala, kashuka. Kaziba. Tumbo la kawaida. Ninasoma tumbo lake kama watu wanavyosoma barua ya majibu hospitalini.

9 Machi

Kaziba. 40.

10 Machi

Kaziba.

Leo nimevua viatu visigonge sakafu, nikakaa chini karibu na pipa, nikawaza juu ya Namba Tatu. Niliyemwita mchawi. Alikaa siku arobaini na bundi juu ya kichwa, akanigongea mguu uso kwa uso, akaniambia kwa lugha yake yote: kimbia. Alikuwa ananionya. Nikatamani kumtupia kopo.

12 Machi

Kaziba. Nimemwomba Mkuu aandike makao makuu, waongeze siku nane tu. Ameandika, mbele yangu, barua nzuri. Nimeona amefuta neno "tafadhali" mara moja na kuliandika tena.

14 Machi

Jibu: hapana.

15 Machi

Mkaguzi alifika saa nne. Ni mama wa makamo, mpole, amevaa viatu vya raba, na kabla ya kuingia aliuliza kama anawe mikono. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikawa vigumu.

Nilimwonyesha kila kitu: vipimo vya feni, mapipa, kipimajoto, daftari. Alisoma yote kwa kidole. Alitikisa kichwa kwa masikitiko pale ilipostahili. Kisha akafungua fomu yake.

"Watoto walio hai?"

"Wapo pipa la saba. Siku kumi."

"Wangapi?"

"Sijui, mama. Wako chini."

"Umewaona?"

"Sijawaona. Mama yao namwona, ananyonyesha. Chuchu zimelowa kila asubuhi, na—"

"Mama yangu," akasema taratibu, "hapa kuna kisanduku kimoja, kinataka namba. Sikuja kuamini, nimekuja kuhesabu. Nifukulie."

Nilimweleza kitakachotokea. Nikamweleza kuhusu mfupa nyuma ya sikio, kwamba kijiko kikigusa udongo juu ya kiota, kwa mama yule ni nyoka amefika. Nikamwomba siku nane. Nikamwomba akae mtaani wiki moja, dada yangu ana chumba, atampikia. Mkuu alikuwa mlangoni. Akaingia. Tangu nimfahamu hajawahi kuvuka kizingiti kile, leo kaingia hadi katikati, akasimama kwenye harufu.

"Dada, nakuomba," akamwambia mkaguzi. "Huyu mama hasemi uongo. Mimi nimemdhania mengi, lakini uongo, hapana."

"Na mimi nina bosi kama ulivyo naye wewe," mkaguzi akajibu. "Fomu inasainiwa leo. Nikiandika sifuri, daktari wa sindano anakuja Jumatatu. Nipeni namba niandike."

Nilitoka nje dakika tano. Nilisimama kwenye jua na kupiga hesabu, kwa sababu kitu kingine sijui. Nisipofukua: wakubwa kumi na watatu wanakufa kwa hakika, na watoto pamoja nao. Nikifukua: watoto labda wanakufa, wakubwa wanabaki, na feni imezimwa, na wanaweza kuzaa tena. Hesabu haina upande wa pili. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Nikarudi ndani nikachukua kijiko.

Nilifukua kwa kijiko na brashi, kwa dakika arobaini, nikipumua kwa mdomo. Kwenye pipa la sita mtu alianza kugonga. Halafu la nne. Halafu la tisa. Walijua kabla ya Namba Nane. Kiota kilikuwa kina cha kiwiko, mpira wa karatasi zilizochanwa nyembamba kama nywele. Nikaupasua kwa vidole viwili.

Watatu. Manyoya yao yalikuwa kama vumbi la rangi ya udongo. Macho yamefumba. Masikio yameshabanduka kichwani, yamesimama, madogo, kamili, lakini mlango wake bado haujafunguka. Namba Nane alikuwa juu yao. Hakukimbia. Alinitazama mimi, na masikio yake yote mawili yakageukia upande wangu.

"Mmoja, wawili, watatu," mkaguzi akasema kwa sauti ya chini kabisa, kalamu ikiwaelekea. "Asante. Funika, funika."

Nikafunika kwa mikono. Ameandika 3. Amesaini, Mkuu amesaini. Kwenye maelezo ameongeza kwa hati nzuri: kitengo kiendelee, ukaguzi wa maendeleo ya watoto 15 Aprili.

Mkuu alinishika bega. Fundi alipiga mbinja kule nje hadi nikamtuma mtu amnyamazishe.

16 Machi

Saa kumi na mbili na nusu. Namba Nane alikuwa juu ya udongo, anajisafisha masikio, moja baada ya jingine, kwa mkono uliolambwa. Tumbo limejaa. Mlango wa shimo uko wazi.

Nilifukua tena, maana sasa hakuna cha kuharibu. Kiota kilikuwa na karatasi tu.

Sikumwita kitu chochote. Nilimwekea mtama.

Nyumbani dada aliniuliza wale watatu wanaendeleaje, ameshamhadithia jirani. Nikasema wanaendelea. Akanitazama sana, akanipakulia chakula, akakaa karibu yangu hadi sahani ikapoa.

17 Machi

Kwenye daftari la ofisi nimeandika: Pipa la saba, watoto watatu, wanaendelea vizuri. Ni mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ninaandika uongo kwenye daftari lile. Kweli nimeiandika hapa.

Nimemwambia Fundi peke yake. Alikaa chini kwenye ngazi. Kisha tukahesabu pamoja: leo hadi 15 Aprili ni siku ishirini na tisa. Mimba siku ishirini na tano. Mmoja akishika leo au kesho, siku ile kutakuwa na watoto wa siku tatu au nne. Mkaguzi anatarajia wa siku arobaini na moja, wenye macho, wanaoruka.

"Yule mama huhesabu," Fundi akasema. "Hujamwona anapima."

Nikamwambia hawezi kuhesabu bila kufukua, na siku ile hakuna kufukua. Hata akija na askari. Akasema atakuwa ameufunga mlango kwa nati sita.

Saa tano nimeingiza madume: kwa Namba Tatu, kwa Namba Tano, kwa Namba Nane. Nyuzi 40. Namba Tatu amemkubali wa kwake papo hapo. Namba Nane amemkimbia mara mbili, kisha akapanda juu kabisa ya udongo, akasimama kwa miguu ya nyuma na kugeuza masikio mlangoni, niliposimama. Akagonga mguu mara moja.

Nikavua viatu, nikatoka.